Kisukari na miguu inayowaka moto: dawa za mimea za kupaka, ipi inasaidia na ipi inaunguza?

Mfamasia wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Dirishani swali hili halipiti muda bila kuulizwa: "Nina kisukari, miguu inawaka moto usiku, silali. Hakuna dawa ya mitishamba ya kupaka?" Anayeuliza mara nyingi vidonge vimeshamchosha, vinamletea usingizi mchana au kizunguzungu, na kuna mtu ameshampa kichupa cha mafuta akamwambia apake asubuhi na jioni. Mimi simkatishi tamaa mtu wa namna hiyo, maana hoja yake ina mantiki: maumivu yako mguuni, kwa nini dawa izunguke mwili mzima? Na zipo dawa za kupaka zitokanazo na mimea ambazo zimepimwa zikaonekana kusaidia. Ila zipo pia zinazomwachia mtu kidonda, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni mlango wa mambo makubwa.

Kwanza tujue kinachouma. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu ndiyo huumia mwanzo, na mirefu kuliko yote ni ile inayoishia kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana dalili huanzia vidoleni, miguu yote miwili, kisha zikapanda taratibu hadi pale soksi inapofika. Mtu anasikia moto, sindano, shoti ya umeme, au shuka ikimgusa tu anaruka. Usiku huzidi. Karibu nusu ya wenye kisukari hupata uharibifu huu wakati fulani wa maisha yao, lakini si wote wanaosikia maumivu. Wengi hupata ganzi tu, kimyakimya.

Hapo kwenye ganzi naomba mpatilie maanani kuliko mahali pengine popote kwenye uzi huu. Mguu uleule unaowaka moto kwa ndani unaweza kuwa umekufa ganzi kwa nje. Mtu anakwambia "naungua", lakini ukimgusa kidole akiwa amefumba macho hajui kama umemgusa. Mshipa ulioharibika unatuma maumivu wenyewe bila kuguswa, na papo hapo umeshindwa kuleta habari za kweli kutoka kwenye ngozi. Ukiupaka mguu wa hivyo kitu kikali, ngozi inaweza kuungua mwenyewe asijue mpaka aone malengelenge.

Sasa dawa yenyewe. Kati ya zote za mimea, iliyochunguzwa zaidi ni pilipili, au niseme kile kinachoifanya pilipili iwashe, kapsaisini. Kwenye ncha za mishipa inayobeba maumivu kuna kipokezi kinachoitwa TRPV1, ambacho kazi yake ni kuhisi joto kali. Kapsaisini hukiamsha kipokezi hicho hichohicho, ndiyo maana pilipili "inaunguza" hata ikiwa baridi. Maabara ya David Julius huko Marekani ilikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi ya aina hiyo. Ukikichokoza kipokezi hicho mara kwa mara, ncha ile ya mshipa inachoka, inaacha kutuma, na nyuzi nyembamba za maumivu zinarudi nyuma kutoka juu ya ngozi. Ukiacha kupaka, baada ya wiki kadhaa zinaota tena. Kwa hiyo kuwaka kwa siku za mwanzo ndiyo dawa yenyewe ikifanya kazi, na anayeacha siku ya tatu kwa sababu "imenizidishia" ameacha kabla haijaanza kumsaidia.

Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075, ikipakwa mara nne kwa siku kwa wiki 8, kwa wenye maumivu ya mishipa ya kisukari. Kwa tathmini ya madaktari, waliopata nafuu walikuwa takriban 7 katika kila 10. Lakini hata kwenye kundi lililopaka krimu tupu isiyo na dawa, zaidi ya nusu walipata nafuu. Namba hizo mbili zinanifaa sana kazini. Zinaonyesha kwamba kapsaisini ina kitu cha kweli, na zinaonyesha pia kwamba kitendo cha kupaka tu, ukikanda mguu wako kila siku kwa matumaini, kinaleta nafuu kwa watu wengi. Kwa hiyo mtu akisema "mafuta ya jirani yamenisaidia", huenda anasema kweli kabisa, na bado isiwe mafuta ndiyo yaliyofanya kazi.

Kuna pia kiraka cha asilimia 8, kikali mno kuliko krimu. Marekani ilikiruhusu kwa miguu ya wenye kisukari mwaka 2020. Hicho hakibandikwi nyumbani. Mhudumu anavaa glavu za nitrili, maana zile za mpira wa kawaida hazizuii kapsaisini, anakibandika dakika 30, anakitoa na kusafisha. Kinarudiwa si chini ya miezi mitatu baadaye.

Karibuni tujadili. Maswali yote ruksa.

Mjukuu wa Babu

Mkuu, asante kwa darasa. Swali langu ni fupi. Kama dawa ni pilipili, kwa nini nisitwange zangu, niloweke kwenye mafuta, nichuje nipake? Krimu hiyo si kila mahali ipo.

Mfamasia wa Zamu

Mjukuu, swali zuri na najua wengi wanafanya hivyo. Shida ni kipimo. Ukali wa pilipili unatofautiana kwa aina, kwa ukomavu, hata kwa mche mmoja na mwingine. Krimu ya asilimia 0.075 maana yake katika gramu 100 za krimu kuna miligramu 75 tu za kapsaisini. Hicho ni kiasi kidogo mno, na jikoni huna njia ya kukilenga. Leo utatengeneza maji matupu, kesho utatengeneza kitu cha kuchubua ngozi. Kwa mtu mwenye hisia kamili, kikizidi atanawa haraka. Mwenye ganzi atalala nacho.

Kama huipati krimu, mwambie daktari wako hivyo hivyo, kuna njia nyingine. Usiitengeneze.

Na kwa mwenye krimu ya dukani, matumizi yana adabu zake. Paka kidogo sana, tabaka jembamba, kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko wala mpasuko wala fangasi. Usipake ukiwa umetoka kuoga maji ya moto au unatoka jasho, utajuta. Usifunge bendeji kwa kukaza na usiweke kitu cha joto juu yake. Nawa mikono kwa sabuni, tena vizuri, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Ukijipangusa jicho baada ya kunawa maji tu utaelewa ninachosema. Kama unayoitibu ni mikono yenyewe, subiri nusu saa ndipo unawe. Ikikaukia kwenye ngozi na kupeperuka inaweza kukuletea kikohozi na chafya, kwa hiyo usipake kwa wingi ukadhani ndiyo kupona haraka.

Mti Dawa

Mleta uzi, naheshimu taaluma yako, ila naona mnafanya kama vile mmea hauna kazi mpaka uingie kwenye tyubu. Karafuu inatia ganzi jino, hilo nani asiyelijua? Mwarobaini, alovera, manjano, mkaratusi, kungumanga, vyote hivi vimepakwa kwenye miili ya watu kabla hata hiyo Nobel haijaanzishwa. Mimi natengeneza mafuta ya karafuu na mkaratusi na wanaoyatumia wanashukuru. Unataka wote waache?

Mfamasia wa Zamu

Ndugu yangu Mti Dawa, sitaki waache kwa kuambiwa tu. Nataka kila mmea usimame wenyewe tuuangalie, kwa sababu hazilingani.

Karafuu umesema kweli. Ina eujenoli, inatia ganzi, na madaktari wa meno wanaitumia hadi leo. Lakini ganzi ya jino linalouma saa moja si sawa na mguu ambao tatizo lake la pili ni ganzi. Na mafuta ya karafuu yasiyochanganywa yanaunguza ngozi. Ukiyatumia, yawe yamepunguzwa sana kwa mafuta mengine, na mguu uwe umepimwa kwanza una hisia.

Mkaratusi na mnanaa. Mentoli iliyomo kwenye mnanaa inaamsha kipokezi kingine, cha ubaridi, kinaitwa TRPM8. Ule ubaridi unafunika maumivu kwa muda, na kwa mtu anayetaka tu apate usingizi muda huo una thamani. Tatizo ni pale inapochanganywa kwa wingi na methili salisilati kwenye mafuta ya kuchua misuli. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za watu walioungua ngozi kwa dawa za kuchua zinazouzwa bila cheti, nyingine zikiwa kali kiasi cha kuhitaji kulazwa. Hizo zilikuwa dawa halali za dukani, kwenye ngozi ya watu wengi wenye hisia zao. Methili salisilati pia inapenya ngozi na ni ndugu wa aspirini: anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiipake mara kwa mara bila daktari kujua. Na iwekwe mbali na watoto, kijiko kimoja cha mafuta hayo yasiyochanganywa kinaweza kuua mtoto. Kafuri vivyo hivyo, mtoto akinywa hupata degedege.

Kungumanga ndiyo nilitaka sana tuifikie, kwa sababu ina mfano mzuri wa utafiti ulivyo na faida. Huko Trinidad walichukua wagonjwa 74 wenye maumivu haya, wakagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mchanganyiko wenye dondoo za kungumanga, pamoja na mentoli na methili salisilati. Kundi la pili mchanganyiko uleule ukitolewa kungumanga. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na hayakupishana. Kungumanga haikuongeza kitu. Kama wangekosa kundi la pili, leo tungekuwa tunaambiana kungumanga ni dawa ya mishipa.

Alovera inalainisha ngozi, na ngozi ya mguu wa kisukari hukauka sana kwa sababu mishipa inayoendesha jasho nayo huharibika. Kwa kazi hiyo sina neno. Kwa maumivu ya mishipa sijaona jaribio la maana la kuitegemea, na mwarobaini na manjano ya kupaka ni hivyo hivyo.

Kuna mmoja ambao wengi hawautaji. Ni tunda chungu sana la jamii ya tikiti maji, linaota jangwani, kitaalamu Citrullus colocynthis. Huko Iran walitengeneza dawa ya kupaka kwa tunda hilo, wakaijaribu kwa watu 60 wenye maumivu haya kwa miezi mitatu, na maumivu yakapungua zaidi kuliko kwa waliopaka dawa bandia. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani uliotolewa mwishoni mwa 2021 umelitaja pamoja na kapsaisini kati ya vitu vya kupaka ambavyo mgonjwa anaweza kupewa. Jaribio moja, watu 60, ni mwanzo mzuri na si zaidi ya hapo. Na likimezwa tunda hilo ni sumu, linaharisha hadi damu, kwa hiyo asije mtu akalichemsha anywe.

Mti Dawa

Sawa, hapo kwenye kungumanga umenipa cha kufikiria. Kwa hiyo ukimpa mtu mafuta bila kundi la kulinganisha huwezi kujua kilichomsaidia. Nakubali. Ila na ninyi semeni kuhusu wanaochanganya dawa za hospitali kwenye mitishamba wakatuharibia jina.

Mfamasia wa Zamu

Hilo umelisema wewe na nakushukuru, maana likitoka kwangu linaonekana ni vita. Mwaka 1999 madaktari wa London walichapisha uchunguzi wa krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizokuwa zikitolewa kwa magonjwa ya ngozi. Nane zilikutwa na deksamethasoni, dawa kali ya hospitali ya kundi la steroidi, na wagonjwa hawakuambiwa. Dawa za kundi hilo zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, zinaficha maambukizi, na zikitumika sana mwilini zinapandisha sukari. Krimu ya "mimea tupu" ikikupa nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili na haina orodha ya vilivyomo, iache na uipeleke kwa mfamasia aione.

Nesi wa Miguu

Habari za humu. Nimekuwa nikisoma kimya, ila niruhusuni niweke kitu kimoja ambacho kila mtu anaweza kufanya nyumbani kabla ya kupaka chochote. Kinaitwa kipimo cha kugusa cha Ipswich, kimetokea hospitali moja ya Uingereza, na hakihitaji kifaa.

Mgonjwa avue soksi, alale au akae ameegemea, afumbe macho. Mwambie: "Kila ukisikia nimekugusa, sema kulia au kushoto." Kisha kwa ncha ya kidole chako cha shahada gusa ncha ya kidole gumba cha mguu, kwa wepesi kabisa, sekunde moja au mbili. Usibonyeze, usigonge, usipapase. Halafu kidole kidogo cha mwisho, halafu cha katikati. Hamia mguu wa pili, vidole vilevile. Jumla ni sehemu sita. Akikosa mbili au zaidi kati ya hizo sita, miguu imepoteza hisia za kujilinda, na hapo mimi sikubali apake pilipili, karafuu, wala mafuta ya kuchua mpaka aonwe kliniki. Asiposikia mara ya kwanza usirudie kumgusa palepale ili "asikie vizuri", kipimo kitakudanganya.

Kliniki tunatumia uzi wa nailoni wa gramu 10 na uma wa sauti wa hezi 128, yaani chuma kinachotetema, lakini hicho cha vidole kinalingana navyo vizuri tu.

La pili, watu wanachanganya kupaka na kuloweka. Tangawizi kwenye maji ya moto, chumvi kwenye maji ya moto, majani kwenye maji ya moto. Mmea unaweza kuwa hauna neno, maji ndiyo yanayounguza. Nimeosha miguu iliyovimba malengelenge unyayo mzima, na mwenye mguu ananiambia maji yalikuwa vuguvugu, na kwake yalikuwa vuguvugu kweli. Maji ya mguu wa kisukari yasizidi joto la mwili, yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, na mguu usilowekwe muda mrefu kwa sababu ngozi inalainika ikakauka baadaye na kupasuka.

MamaWawili

Nesi, Mungu akubariki. Haya ya maji ya moto ndiyo yaliyotukuta nyumbani, isipokuwa kwa mama yangu ilikuwa kitunguu saumu. Alishauriwa apondeponde, abandike juu ya unyayo, afunge kitambaa alale nacho. Asubuhi ngozi ilikuwa nyeupe, imetutumka, halafu ikachubuka yote. Hakusikia lolote usiku kucha. Na cha kusikitisha, jioni yake alikuwa amefurahi kwamba moto umetulia. Kidonda kilichukua miezi kufunga na alilazimika kuwekwa chini asikanyage. Hospitali tuliyoanzia walimpaka tu dawa wakamrudisha bila hata kumpima hisia za mguu. Namshukuru daktari wa pili.

Je, kitunguu saumu kinaunguza kweli au alikuwa na mzio?

Nesi wa Miguu

Pole sana dada, na mama mpe pole zangu. Kinaunguza kweli. Kitunguu saumu kibichi kikipondwa kinatoa vitu vikali vinavyoichoma ngozi, na kikifungwa kwa kitambaa kwa saa nyingi kinaacha jeraha la moto kabisa. Hata watu wasio na kisukari wamepatwa nalo. Hakuna sababu ya kukibandika kwenye mguu wa mwenye kisukari, hata kidogo tu, hata kwa dakika chache.

Dole Gumba

Mimi nina ushuhuda tofauti. Nilikuwa na moto wa miguu muda mrefu, nikatumia mafuta ya mitishamba, taratibu moto ukapungua na sasa umeisha kabisa. Sipaki tena, sina dawa ya maumivu, nimepona. Kwa hiyo wasiogope.

Nesi wa Miguu

Kaka, nafurahi unalala. Lakini naomba leo hii, usingoje, mtu wa nyumbani akufanyie kile kipimo cha vidole sita. Maumivu haya yanaweza kuisha kwa njia mbili. Moja ni mshipa kutulia. Nyingine ni mshipa kufa, na uliokufa hauumi. Mgonjwa hawezi kuzitofautisha kwa kujisikia, zote anaziita kupona.

Dole Gumba

Mke wangu amenifanyia. Mguu wa kulia nimesikia kimoja tu. Wa kushoto viwili.

Nesi wa Miguu

Asante kwa kusema ukweli wako hapa, kaka. Umekosa vitatu katika sita. Haimaanishi mguu una hatari ya leo, inamaanisha kuanzia sasa macho yako yafanye kazi ambayo mishipa imeacha. Kila jioni angalia unyayo, kisigino na katikati ya vidole, kwa kioo au kwa macho ya mkeo. Usitembee peku hata ndani ya nyumba. Ingiza mkono kwenye kiatu kabla ya kuingiza mguu, msumari au kijiwe hutakisikia. Lainisha ngozi kwa krimu ya kawaida, ila usipake katikati ya vidole, pale unyevunyevu unaleta fangasi. Na nenda kliniki wiki hii waangalie hisia na mapigo ya damu mguuni. Ukiona kidonda, wekundu, uvimbe au joto la mguu mmoja kuzidi mwingine, hiyo ni siku hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.

Mchana Kweupe

Mkuu mfamasia, mimi natumia metformini mwaka wa kumi na kitu sasa, sukari iko sawa lakini miguu inachomachoma. Inaweza kuwa kitu kingine? Na vidonge vya mishipa vyote vinanilevya, ndiyo maana nimekuja kwenye mafuta.

Mfamasia wa Zamu

Inaweza. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu huo unaharibu mishipa kwa dalili zinazofanana mno na za kisukari. Tofauti ni kwamba huo una tiba ya moja kwa moja, tena ukicheleweshwa uharibifu mwingine haurudi. Omba upimwe B12. Usiache metformini. Pombe nyingi, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, figo, na baadhi ya dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI pia huleta hali hiyo. Hata sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa kwa kasi ndani ya miezi michache inaweza kuzua maumivu makali ya mishipa. Hilo likikukuta mwambie daktari, usilichukue kama sababu ya kuacha dawa. Mtu akipaka mafuta kwa mwaka mzima juu ya mguu wenye upungufu wa B12, hata yawe mafuta bora kiasi gani, mshipa unaendelea kuharibika chini yake.

Kuhusu vidonge, ziko amitriptilini, duloksetini, pregabalini na gabapentini. Mwaka 2022 Uingereza walichapisha jaribio lililolinganisha kuanza na amitriptilini, duloksetini au pregabalini, na kuongeza cha pili pale kimoja kisipotosha. Zote zilipunguza maumivu kwa kiasi kinachokaribiana, wastani kutoka 6.6 hadi 3.3 katika kipimo cha 10. Maana yake kwako ni kwamba kimoja kikikulevya una haki ya kuomba kingine, au dozi ndogo ukichanganya na krimu. Mwongozo wa Uingereza unairuhusu krimu ya kapsaisini kwa mtu mwenye maumivu ya sehemu moja asiyetaka au asiyeweza vidonge. Kwa hiyo hujakosea kuja kwenye kupaka, ila pima B12 na vidole sita kwanza.

Mjukuu wa Babu

La mwisho kwangu. Nikianza krimu, nitajuaje kama inafanya kazi au najipa moyo tu?

Mfamasia wa Zamu

Kabla hujaanza, andika kila usiku maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, wiki nzima, usipake kitu. Chukua wastani. Ukianza, endelea kuandika. Wiki mbili za mwanzo usizihukumu, ni za kuwaka. Hukumu ukifika wiki ya sita hadi ya nane, kwa sharti uwe unapaka mara tatu au nne kila siku, maana anayepaka akikumbuka tu anavumilia mwasho bila kupata faida. Kama wastani umeshuka kwa theluthi, mfano kutoka 6 hadi 4, hiyo ni nafuu ya kweli, endelea, na rudia kipimo cha vidole mara kwa mara. Kama haujashuka, acha, usihamie kwenye kitu kikali zaidi kwa hasira. Ngozi ikichubuka au ikitoa malengelenge, acha siku hiyo.

Mchana Kweupe

Na vidonge nikianza krimu niviache?

Mfamasia wa Zamu

Hapana, endelea navyo mpaka krimu ionyeshe kazi, halafu mpunguze pamoja na daktari kidogo kidogo. Pregabalini, gabapentini na duloksetini ukizikata ghafla zinaleta kukosa usingizi, kichefuchefu, jasho na wasiwasi, na utadhani ni krimu iliyokudhuru.